Sifael na Saa ya Kukimbia

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka kwenye migomba, Sifael alikata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba yao kule Nkoaranga, mlimani. Akimaliza, alinawa mikono, akajichoma ncha ya kidole kupima sukari, kisha akajidunga insulini tumboni huku mama yake akikoroga uji jikoni. Alipatikana na kisukari akiwa darasa la tatu. Sasa alikuwa darasa la sita, na sindano haikumtisha tena.

Kilichomtisha ni watu kujua. Mwalimu wa darasa aliyejua habari zake alikuwa amehamishwa, na Sifael hakumwambia mwingine. Aliona wakijua tu, watamtoa kwenye timu ya riadha. Na hakuna kitu alichokipenda kama kukimbia. Vijia vya mteremko ule vinawatoa jasho hata watu wazima, lakini yeye alivipanda kama mbuzi.

Mashindano ya wilaya yalipokaribia, Mwalimu Sumari, msimamizi wa michezo, alibadilisha ratiba.

"Kuanzia kesho tunafanya mazoezi alfajiri, kabla ya mstari wa asubuhi," alisema. "Asiyefika asinilaumu nikichagua wengine."

Kesho yake Sifael alijikuta amechelewa. Alijidunga sindano kama kawaida, akautazama uji uliokuwa ukifuka moshi, akauacha palepale.

"Umekunywa uji?" mama yake aliuliza kutoka zizini, alikokuwa akikamua ng'ombe.

"Nimekunywa, mama," Sifael alijibu, akatoka mbio.

Walikimbia kupanda hadi kanisani na kurudi, kisha wakapanda tena. Katika kupanda mara ya pili mikono yake ilianza kutetemeka. Jasho la baridi lilimtoka na njaa ikamshika ghafla. Alizijua dalili hizo, maana kliniki walimfundisha. Lakini wenzake walikuwa nyuma yake, na hakutaka wampite. "Nifike juu tu," alijiambia.

Hakufika. Miguu ililegea, njia ikawa giza, akaanguka kando kwenye mibuni.

Rafiki yake Jackline ndiye aliyemfikia kwanza. "Sifael, una nini?"

"Sukari," alijibu kwa sauti ndogo.

Jackline hakuelewa, lakini alimsikia mwenzake akirudia neno hilo hilo. Alikimbia hadi nyumba ya jirani, akarudi na mama mmoja aliyebeba kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Bahati nzuri Sifael bado aliweza kumeza. Alikunywa kidogo kidogo mpaka macho yakaona vizuri.

Jioni ile Mwalimu Sumari alifika nyumbani kwao. Alizungumza kwa upole, lakini neno lake lilikuwa moja.

"Mama Sifael, siwezi kumpeleka mtoto mashindanoni bila kujua atarudi katika hali gani."

Mwalimu alipoinuka kuondoka, Sifael alisimama. "Mama, nilikudanganya. Uji sikunywa. Na wewe mwalimu, nilikuficha kwamba nina kisukari. Nisameheni. Lakini sijamaliza kukimbia. Naomba twende wote kliniki, tuulize kama inawezekana. Wakikataa, nitaacha."

Mwalimu aliketi tena. "Tutakwenda," alisema.

Kliniki walipokewa na nesi Catherine, aliyemhudumia Sifael tangu mwanzo. Baada ya salamu alisikiliza kisa chote bila kukatiza.

"Kukimbia kunamfaa," alisema. "Kosa ni wakati. Insulini inashusha sukari, na mbio nazo zinashusha. Ameviweka pamoja, tena tumbo tupu. Ni kama kuteremka mlima kwa baiskeli huku unakanyaga pedali."

Wakapanga pamoja. Kwa dawa aliyotumia Sifael, mazoezi yangekuwa jioni, mbali na sindano ya asubuhi. Angepima kwanza. Sukari ikiwa chini, angekula na kusubiri; ikiwa juu mno au akiwa anaumwa, asingekimbia. Na kabla ya kulala angepima tena, kwa kuwa baada ya mazoezi makali sukari huweza kushuka hata usiku.

"Na akianza kutetemeka?" Mwalimu Sumari aliuliza.

"Asimame hapo hapo, apewe glukosi, apumzike, apime tena. Akishindwa kumeza, msimpe kitu mdomoni. Mleteni haraka."

Mwalimu alimpa Sifael nafasi, kwa sharti kwamba asimfiche jambo tena. Kuanzia hapo alikimbia jioni pamoja na Jackline, aliyebeba glukosi mfukoni. Siku nyingine kipimo kilimkatalia, naye alikaa kwenye nyasi akila ndizi huku akimtazama mwenzake akipanda peke yake. Ilimuuma. Lakini kesho yake alirudi.

Siku ya mashindano, pale Usa River, mbio za mita mia nane ziliitwa mapema kuliko ilivyopangwa. Hizo ndizo alizozingoja. Sifael alipima haraka. Sukari ilikuwa chini.

"Wanakuita," Jackline alisema.

Hakuna aliyekiona kipimo isipokuwa yeye. Wenzake walikuwa wanajipanga mstarini. Sifael alimwendea Mwalimu Sumari.

"Mwalimu, sukari iko chini. Siwezi kuanza."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alikula glukosi, akaketi kivulini, akasikia filimbi na kelele za watu wakishangilia mbio zilizopaswa kuwa zake. Machozi yalimlengalenga, akayafuta. Alipima tena, akala ndizi, akapumzika, akapima mara nyingine. Mbio za mita elfu moja na mia tano, ambazo pia alikuwa ameandikishwa, zilipoitwa, kipimo kilimruhusu. Sifael alikimbia kwa utulivu mizunguko ya kwanza, kisha akafyatuka. Alimaliza wa pili, akachaguliwa kwenye timu ya wilaya.

Kabla ya kuondoka uwanjani, Mwalimu Sumari aliwakusanya wanafunzi wake.

"Siku ile alipoanguka," alisema, "Sifael alidhani ujasiri ni kutosimama. Leo alisimama mwenyewe, na mbio alizozitamani zikaanza bila yeye. Mimi naona huo ndio ujasiri mkubwa zaidi. Mficha maradhi, mauti humuumbua. Anayeyasema hupata watu wa kumsaidia. Ujue mwili wako, ujue saa yake, na ukilazimika kungoja, ngoja. Kawia ufike."

Kisha akamgeukia Sifael. "Na mimi nimejifunza. Kuanzia Jumatatu timu nzima itafanya mazoezi jioni, na hakuna atakayekimbia hajala."