Shika Vizuri

Jioni ile mpiga pasi alipokwenda kuchukua baiskeli yake ya kwanza, fundi alikuwa keshaanza kufunga kibanda. Aligonga kengele mara moja, ikalia vizuri, akamkabidhi usukani bila kumtazama usoni.

"Breki mpya, mnyororo mpya," alisema. "Keria nilitaka kuing'oa. Imekataa."

"Chuma kinakataaje, fundi?"

"Imekataa, mama. Beba mzigo, beba mtu, hewala. Ila ukiwa peke yako, usiongee na keria."

Mpiga pasi akacheka. Nani asingecheka? Mafundi na maneno yao! Akaikokota baiskeli mpaka nyumbani, maana kuiendesha alikuwa hajui.

Kichwani mvi zilishapiga hodi, na asingefikiria kabisa mambo ya baiskeli kama gari la wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia nguo lisingekufa kabisa. Wenzake walikaa karibu. Yeye alikaa mbali, chini ya mteremko mrefu, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyobaki na mtu mmoja. Mume alikuwa amekufa. Binti alikuwa ameolewa mbali, na kila akipigiwa simu alisema, "Mama, niko mbioni, nitakupigia." Mbio gani hizo zisizo na mwisho, hata Mungu hakuambiwa. Redio ya nyumba ile haikuzimwa usiku wala mchana, mradi pawe na sauti ya mtu.

Aliyemfundisha kuendesha alikuwa Kicheko, mfuaji wa mashuka, shoga yake wa kazini. Walifanyia mazoezi uani, katikati ya kamba za kuanikia.

"Tazama mbele! Unaitazama tairi ya nini, itakukimbia?"

"Mzoea punda hapandi farasi, mwenzangu."

"Hata huyo punda hukuwahi kumpanda. Kanyaga!"

Akakanyaga, akaingia na baiskeli ndani ya mashuka mabichi, akaanguka nayo, na Kicheko akacheka mpaka akakaa chini. Lakini penye nia pana njia. Haukupita muda mrefu, mpiga pasi akajua kulifunga gauni lisiliwe na mnyororo, akajua kushuka penye mlima na kuikokota bila aibu, akajua raha ya upepo wa asubuhi kabla magari hayajaamka. Jioni alimbeba Kicheko kwenye keria mpaka njia panda. Kila walipofika penye kimteremko, alisema, "Shika vizuri," naye Kicheko akamkumbatia kiuno na kupiga kelele kama mtoto.

Njia panda Kicheko alishuka. "Haya, shoga. Fika salama."

Kuanzia hapo ilikuwa barabara tupu, mteremko mrefu, na nyumba.

Jioni moja alimshusha Kicheko, akaendelea huku akimfikiria binti yake. Giza lilikuwa linaingia. Tairi ya mbele ikainama kwenye mteremko, na mdomo, kwa mazoea tu, ukatangulia akili.

"Shika vizuri."

Mikono miwili ikamshika kiunoni.

Polepole... kama ya mtu anayeona haya.

Hakufunga breki. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nyuma yake ikaja harufu anayoijua kuliko harufu yoyote, ya nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi.

"Kicheko?"

"Nimeshika," ikanong'ona sauti. Haikuwa ya Kicheko.

Chini ya mteremko mikono ikaachia. Mpiga pasi aliingia ndani na baiskeli, akafunga mlango, akakesha. Akaapa kwamba kukikucha angemweleza Kicheko yote.

Hakumweleza. Na tusimlaumu upesi. Tangu mume wake azikwe, ni nani aliyewahi kumshika yule mama, ukiacha kusukumana kwenye foleni? Hofu ilipopoa, kiuno kilibaki kinakumbuka. Jioni iliyofuata alisimama juu ya mteremko, akageuka. Keria ilikuwa tupu.

"Shika vizuri," akasema. Safari hii kwa makusudi.

Ikawa mazoea. Baada ya njia panda alikuwa na mtu wa kuongea naye. "Umeshindaje?" aliuliza. "Nimekungoja," sauti ikajibu. Neno hilo hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwa miaka mingi, na aliposikia alilia huku akikanyaga pedali. Kazini akaanza kumkwepa Kicheko. Alimbeba, ndiyo, lakini kwa moyo mzito, akiona njia panda imechelewa kufika.

Basi siku moja, mahali tambarare kabisa, pasipo shimo wala jiwe, Kicheko alipiga yowe. Mpiga pasi akasimama, akamkuta chini, mkono umevunjika.

"Nimesukumwa!"

"Na nani? Mbona tulikuwa wawili tu?"

Kicheko hakucheka.

"Shoga, kwenye hii baiskeli tulikuwa watatu."

Mpiga pasi alipomtoa hospitali, alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Fundi alisikiliza akifuta mikono yenye grisi, akifuta hata palipokwisha takata.

"Aliyekuwa nayo alimbeba mdogo wake kila siku," alisema mwishowe. "Siku moja ya mvua, mdogo mtu akaanguka mteremkoni, akafa. Dada mtu hakuhisi. Alifika mpaka kazini akiwa bado anaongea naye... na anajibiwa."

"Atatokaje?"

"Mwambie 'shuka'. Basi. Lakini uwe wewe uliyeshika usukani. Neno la anayebebwa halisimamishi baiskeli. Na umwambie kabla hujamkaribisha ndani."

Mpiga pasi akamrudia Kicheko, akamweleza kila kitu, hata lile la aibu, kwamba alikuwa akimwita mwenyewe. Kicheko akamshika bega kwa mkono mzima.

"Mshushe leo. Mimi kesho asubuhi nakuja kwako na begi langu. Nitakaa mpaka mkono upone. Utanipikia, nami nitakuchosha kwa maneno. Umesikia?"

"Nimesikia."

Jioni ile aliteremka na neno likiwa tayari ulimini. Alifika mlangoni, mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali. Mikono ilikuwa kiunoni mwake. Ilikuwa inatetemeka.

"Usinishushe," ikanong'ona sauti. "Huku nje kuna baridi."

Ndani redio ilikuwa inawasomea viti habari. Mpiga pasi akawaza. Kicheko atakuja, kweli. Atacheka, atajaza nyumba. Halafu mkono utapona, naye atakunja nguo zake aende kwake, kama alivyokwenda binti, kama alivyokwenda mume. Kila mtu hushuka njia panda. Huyu hashuki.

Akafungua mlango.

"Karibu ndani," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akaizima redio.

Alfajiri aliikuta baiskeli nje, imeshageuzwa kuelekea barabarani, ingawa yeye aliilaza ndani.

"Leo kaa nyuma," sauti ikamwambia. "Umechoka."

Na kweli alikuwa amechoka, uchovu wa miaka. Akakaa upande kwenye keria, miguu pamoja, kama alivyokuwa akikaa Kicheko.

"Shika vizuri," ikasema sauti, sasa ikitoka mbele.

Akashika. Kilikuwa kiuno cha mtu, kimelowa, baridi kama shuka lililotolewa majini sasa hivi. Pedali zikazunguka. Wakaupanda mteremko mzima bila mtu kuhema.

Njia panda alisimama Kicheko, mkono umefungwa shingoni, begi begani. Amekuja! Mpiga pasi moyo ukamruka. Akainua mkono, akamwita. Lakini Kicheko hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama aliye mbele, usoni, na begi likamporomoka begani.

Uso huo mpiga pasi hakuwa ameuona. Kutoka nyuma aliona mgongo tu.

"Shuka," akasema.

Pedali zikazunguka.

"Shuka! Jamani, shuka!"

Ndipo akayakumbuka maneno ya fundi kuhusu neno la anayebebwa. Baiskeli ikalipita geti la kiwanda, haikukata kona.

Jioni fundi aliikuta imeegemezwa kwenye kibanda chake, mnyororo wa moto, keria imelowa. Aliichukua akaifukia, hasemi wapi. Haikusaidia. Hata leo Kicheko, ambaye siku hizi jina lake halimfai tena, husimama njia panda jua likizama. Kengele husikika ikija kutoka mteremkoni. Nyuma ya kengele husikika sauti ya mwanamke akimbembeleza mtu amshushe.

"Ruka, shoga!" Kicheko huita gizani. "Nipo hapa! Nimekuja!"

Kengele hupita karibu yake kabisa, na upepo wenye harufu ya nguo mbichi, kisha hufifia upande ule wa pili.