Alama Tisa kwa Barua ya Mapenzi

Duka la fotokopi la mtaa wa Arat Kilo lilifurika wanafunzi, na mashine ikatema karatasi za Senait mikononi mwa mwanaume asiyemjua: mrefu, koti la ngozi, viatu vimeng'arishwa mpaka vinatukana matope ya Addis Ababa.

"Dada, hizi zako? 'Namna ya kuandika matokeo yanayoelekea kutokea.' Wewe mwalimu au mpiga ramli?"

"Mwalimu wa Kiingereza. Mpiga ramli angejua mapema kuwa utazisoma bila ruhusa."

Aliitwa Wubshet, mhandisi wa maji. Wiki iliyofuata alikaa dawati la mbele darasani kwake, akijiandaa kwa mtihani wa Kiingereza, ule wa alama tisa, wa kwenda kusoma Kanada. Senait alimfunza kama alivyowafunza wote: kwenye insha usiandike mto utafurika, andika yaelekea utafurika, huenda ukafurika, kuna uwezekano mkubwa. Mtahini hapendi mtu mwenye uhakika na kesho. Baada ya darasa, kahawa ya makiato. Baada ya makiato, simu za kila jioni. Na kabla mvua hazijakatika, "mwalimu" alishageuka "mpenzi".

Wubshet akafaulu. Viza ikatoka. Senait akampigia.

"Mpenzi, ukienda utarudi?"

"Nipe siku mbili nikuandikie."

"Nakuuliza kwa mdomo, wewe unatafuta karatasi?"

Alileta ukurasa mzima wa Kiingereza. Iwapo ufadhili hautaongezwa, yaelekea angerejea baada ya miaka miwili. Iwapo angepata kazi, huenda akachelewa. Umbali una uwezekano wa kupunguza mawasiliano. Senait alichukua kalamu nyekundu, akatafuta kosa. Hakuna. Akaandika chini: "Tisa juu ya tisa. Usinipigie tena."

Alitaka neno moja tu: "hakika". Ndilo neno kaka yake Girma alilomwachia baba yao uwanja wa ndege, miaka tisa iliyopita; hajarudi, na mpaka leo mzee hukifagia mwenyewe chumba cha Girma.

Siku kumi na moja simu iliita bila kupokewa. Siku ya kumi na mbili Wubshet alikuwa mlangoni mwa darasa, ndevu hazijanyolewa.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Ndiyo shida. Nilitaka useme utarudi."

"Kama Girma alivyomwambia mzee, ulivyonisimulia?"

Senait akageuza uso.

"Sijui nitarudi lini," Wubshet akasema taratibu. "Nikikuambia hakika, nitakuwa nakudanganya huku nakutazama. Ninachokijua ni Jumapili hii. Nikiwatuma wazee kwenu, utawafukuza?"

"Baba ndiye atakayewafukuza."

"Basi wafukuzwe wakiwa wamefika."

Jumapili wazee watatu walisimama sebuleni, mashuka meupe ya gabi mabegani, wakakataa viti; kwa desturi mposaji haketi mpaka akubaliwe. Jikoni, Senait aliisahau kahawa motoni, sikio ukutani.

"Kijana wenu anasafiri," baba yake akasema. "Ana hakika atarudi?"

"Hana," akajibu mkubwa wao. "Na ametukataza kusema anayo."

Kahawa ikafurika, ikazima moto, Senait asithubutu kusogea.

"Kaeni," baba yake akasema mwishowe. "Kaeni, wazee wangu."