Kilichojifungia Mfupani

Herufi zilikwisha, mguu ukaendelea kuandika.

Daktari wa mazoezi ndiye aliyempa fundi rangi kazi ile baada ya kuondolewa plasta: alale chali, aandike hewani A mpaka Z kwa kidole gumba cha mguu, asubuhi na jioni, ili kifundo kilegee. Fundi aliona hayo ni mambo ya watoto. Lakini siku ya nne alimaliza Z, akataka kushusha mguu, mguu ukagoma.

"Mguu umekupita elimu," mkewe akacheka.

Hakucheka tena ilipowajia harufu ya chokaa mbichi, ile ile ya nyumba tupu ambamo mumewe alianguka kutoka kwenye ngazi. Akamwaga unga kwenye sinia, akalisogeza chini ya kidole. Mguu ukaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa fundi: NITOE. MFUPA UNAFUNGA.

"Mume wangu," alinong'ona, "huyu ni nani?"

Akaitwa shangazi wa mke, mwanamke aliyepunga majini tangu ujanani. Akaweka sikio kwenye kifundo. Ndani mlikuwa na mtu anabisha.

"Mfupa ulipopasuka aliingia, kama mjusi kwenye ufa," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa ufa unazibika naye yumo. Alipoingilia ndipo atakapotokea. Nyundo moja tu, mkwe wangu, kabla mfupa haujakomaa. Akikosa pa kutokea atapanda juu, na mwili hauna nafasi ya wawili. Yeye akipanda, wewe utashuka."

"Nivunjwe tena? Wiki nane najisaidia kwenye beseni, shangazi! Sivunjwi!"

"Haya. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Fundi aliogopa nyundo kuliko jini, na tusimcheke, nani asingeogopa? Kubisha kukawa mateke, mateke yakawa kilio chembamba kilichomfuata mezani na msalani, naye akawa anakibana kifundo kwa mto mchana kutwa, akikiomba kinyamaze, huku kilio kikififia kila mfupa ulipoongezeka unene, mpaka asubuhi moja hakukusikika kitu, na fundi akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

Hospitali, daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Hongera. Mfupa umeshika kabisa. Hebu simama utembee."

Machozi ya furaha yalimtoka fundi. Akataka kuyafuta, mkono haukuinuka. Akataka kusema asante, ulimi haukumtii. Mwili wake ukashuka kitandani bila yeye, ukatembea.

"Unatembea, mume wangu!" mkewe alipiga vigelegele mlangoni.

"Natembea, mke wangu," sauti ya fundi ikajibu, naye hakuwa amesema neno. Alikuwa chini kabisa, gizani, mahali pembamba pasipowezekana hata kugeuka, akimwita mkewe kwa nguvu zake zote. Mkewe akaushika ule mkono, wakatoka pamoja wakizungumza, na kila hatua ilimwangukia fundi kichwani.