Mwanya wa Orval

Jua lilikuwa linazama Verda alipoingia kwenye kasino ya Benat na picha mpya kwapani, kuja kuitundika.

"Hee, mama Clell!" Benat alimpokea kwa kelele, akifuta bilauri. "Leo umekuja kunifilisi?"

Verda hakucheka. Tangu mgodi ummeze mumewe, Orval, hakuwa amecheka wala kulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Kila usiku aliomba jambo moja tu, Orval arudi, na hata kuomba kwenyewe kulishakuwa mazoea.

Ukuta wa kasino ulijaa picha za wachimbaji wa Tarwell, za tangu mji haujapata barabara. Kila mwaka walipanga mstari hapo nje wakapigwa picha, na kila mara waliacha mwanya wa mtu mmoja, nafasi ya mwenzao aliyefia chini. Mwaka huu mwanya ulikuwa wa Orval.

Verda akaitundika picha. Benat akasogea kuitazama, na mzaha ukamwisha.

"Nani kaziba mwanya?"

"Clell. Mpiga picha mgeni, kawaambia wabanane."

"Mwanao kasimama mahali pa baba yake? Na wenzake wakanyamaza?"

"Walikuwa wamelewa. Walicheka."

"Itoe, dada yangu," Benat alinong'ona. "Itoe sasa hivi."

"Ni karatasi tu, Benat."

Mashine za kamari zikanyamaza. Zote, kwa pamoja...

Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi, na moshi wa taa za mgodini. Nje, jangwa lilikuwa halijaona mvua tangu masika.

Verda aligeuka kuitazama picha.

Mwanya ulikuwa wazi.

Wanaume walisimama kama walivyosimama, mabega yameachana, na katikati yao hapakuwa na Clell.

Alitoka mbio. Clell alikuwa zamu ya mchana. Saa hizi angekuwa amesharudi nyumbani. Lazima awe amerudi. Njia nzima alijiambia hivyo, miguu ikimpeleka tu, haihisi ardhi.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka.

Mezani alikaa mwanamume aliyevaa koti la Clell, amempa mgongo, anakula maharage ya jana yaliyopoa. Verda akasimama mlangoni.

"Clell... mwanangu, umenitisha."

Mwanamume hakugeuka. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye buti zake.

"Umechelewa, Verda."

Clell hajawahi kumwita mama yake kwa jina.

Verda aliijua sauti ile. Alilala nayo miaka ishirini.

"Orval," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

Kijiko kikatulia sahanini.

"Nafasi ni moja tu, mke wangu. Yeye kaichukua yangu."

Kule mlimani king'ora cha mgodi kikalia. Muda si muda, simu ya ukutani ikaanza kuita.

"Usipokee," Orval akanong'ona. "Ukisikia watakalosema, litakuwa kweli. Kaa. Kaa nami kidogo."

Simu ilikuwa karibu, ya kunyoosha mkono tu. Ikaita... ikaita...

Verda akavuta kiti, akakaa karibu na mumewe. Na kwa mara ya kwanza tangu mgodi ummeze Orval, kitu kikamgusa moyoni, kikamwogopesha kuliko maji yaliyokuwa yakitambaa sakafuni kuelekea miguuni pake.

Mungu amsamehe, alifurahi.