Panyang Agoma Kuhama

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Panyang alifagia mteremko ulio nyuma ya jiko lake. Alifagia mpaka udongo mwekundu ukang'aa. Nyasi ikichomoza, aling'oa. Kijijini kwao, huko Palawan, Ufilipino, mwanamke mwenye uwanja wenye nyasi alisemwa vibaya.

Lakini kila mvua iliponyesha, udongo uliteremka hadi jikoni. Mwaka ule tope lilifika magotini na ukuta wa mianzi ukaanza kulala. Mwenyekiti wa kijiji akaja, akawataka watu wa nyumba hiyo wahame kabla ya msimu wa tufani. Mama mkwe wa Panyang, Bi Ursula, aliyeishi naye, alianza kufunga virago siku ileile.

"Mimi sihami," Panyang alisema. "Udongo ndio utakaotulia."

Jirani yake Herminia alisuka nyavu za kushikilia udongo katika chama cha ushirika. Alikuja, akaukagua mteremko. Ulikuwa mfupi, hauna nyufa, na miti yake imesimama wima. Alisema angeona nyufa, angembebea masufuria yeye mwenyewe ahame. Kisha akamweleza ukweli bila kuzunguka.

"Adui yako ni huo ufagio, dada. Umeuacha mteremko uchi, na mvua inauchapa mgongoni."

Panyang alikasirika. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amesifiwa kwa kazi hiyohiyo! Hata hivyo, alisikiliza.

Herminia alileta wavu wa kamba za makumbi ya nazi. Kamba zilikuwa zimechovywa katika mafuta meusi ya maganda ya korosho. Panyang aliyajua mafuta yale. Yalikuwa yakimbabua vidole kila alipobangua korosho, kwa hiyo wote wawili walivaa glavu.

"Yanawashinda hata wadudu," Herminia alisema. "Bila mafuta, wavu huwahi kuoza. Huu utadumu mpaka mizizi ya nyasi ishike udongo. Baada ya hapo uoze tu."

Walichimba mfereji juu ya mteremko, wakafukia humo ncha ya wavu. Wakautandaza kuelekea chini, wakaupigilia vigingi vya mianzi kila hatua. Herminia hakutaka uwazi wowote kati ya wavu na udongo, maana maji yangepita chini ya wavu na kuubeba udongo. Katika matundu wakapanda nyasi.

Majirani walipita wakiuliza atavua samaki gani mlimani. Bi Ursula aliona aibu, akahamia kwa binti yake. Panyang hakuyumba. Aliuweka ufagio kando, akaziacha nyasi zikue mbele ya macho yao.

Tufani ilipokuja, alikwenda kujikinga shuleni kama wengine, kwani ukaidi si wazimu. Aliporudi, alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Akafungua mlango wa jiko. Sakafu ilikuwa na maji kidogo tu. Tope halikuwemo. Alikaa chini, akalia kwa furaha.

Bi Ursula alirudi jioni ile na virago vyake. Hakuomba radhi. Aliizunguka nyumba, akazigusa nyasi, akaingiza virago ndani.

Wiki iliyofuata mbuzi wa mwenyekiti alipanda mteremkoni kula nyasi changa. Kabla Panyang hajatoka, Bi Ursula alikwishamshika pembe na kumburura hadi kwa mwenye mbuzi.

"Mfunge mbuzi wako, Mwenyekiti," alisema. "Zile nyasi ndizo zinazoshikilia nyumba yetu. Akirudi tena, tutamla."