Taa ya Ndani Haizimiki

Jua lilikuwa linazama mtaani Kambarage, na Ignas alitaka kazi moja tu imalizike ili aingie ndani kumwangalia mke wake. Paskazia alikuwa na mimba ya nne. Tatu za mwanzo zilitoka, na hii ilikuwa imefika mwezi wake. Siku hizo fundi huyu wa umeme wa magari alifanya kazi huku roho yake iko chumbani, nyuma ya ukuta wa gereji.

Gari lilikuwa la Boaz, dalali wa dhahabu kutoka Geita. Taa ya ndani haikuzimika, mlango ufungwe usifungwe, na kila asubuhi betri ilikuwa imekufa. Ignas aliunganisha matundu mawili ya kupimia kwa kipande cha waya, kama walivyofanya mafundi miaka ile ya tisini, akahesabu taa ya dashibodi inakonyeza mara ngapi. Namba ile ya hitilafu aliijua kwa kichwa: mlango wa nyuma wa kushoto na taa ya ndani havina mawasiliano. Gari lilidhani kuna mtu bado hajashuka.

"Kazi ndogo," alisema, hana hili wala lile.

Alibadilisha swichi ya mlango. Taa haikuzimika. Akafungua kiti cha mbele, akafuata waya mpaka mwisho, mzima. Akachomoa fyuzi...

Taa inawaka.

Akaitoa betri kabisa, akaiweka chini.

Taa inawaka.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto. Harufu ya matope na baruti ikamjia puani. Akamgeukia Boaz, aliyekuwa amesimama mbali na gari lake mwenyewe.

"Mficha uchi hazai, bwana. Sema."

Boaz alinong'ona. Shimo liliporomoka kule machimboni, likamuua kijana mmoja wa kijiji cha Didia, Mageni. Shimo lenyewe halikuwa na kibali. Basi Boaz, ili amrudishe kwao, akamkalisha maiti kiti cha nyuma, kofia usoni, kama abiria aliyesinzia, ili askari wa vizuizini wasiulize maswali.

"Njiani ulizungumza naye?"

Boaz akainamisha kichwa. Walijua wote wawili. Marehemu akirudishwa kwao huambiwa: tunaondoka, tunavuka mto, tumefika, shuka. Asipoambiwa, hushushwa mwili tu, roho ikabaki njiani.

"Niliogopa. Mama yake aliniuliza kama nimemwambia tumefika... nikasema ndiyo." Akatupa funguo juu ya boneti. "Kesho namleta amwite mwenyewe. Mimi hili gari siliendeshi giza likiingia."

Boaz hakuwa amefika hata barabarani Paskazia alipopiga kelele chumbani.

Magari mengine yote yalikuwa juu ya mawe, hayana matairi. Mfa maji haachi kutapatapa. Ignas alirudisha betri, akamwingiza mke wake kiti cha nyuma, upande wa kulia, akaondoka mbio kuelekea hospitali. Njia nzima hakuthubutu kutazama kioo.

"Ignas..." Sauti ilikuwa ndogo. "Nani huyu amenishika mkono?"

Hakugeuka.

"Wa baridi, Ignas. Ananibana."

Mbele ya wodi ya wazazi alifunga breki. Hakuwa na akili ya kupima neno. Alikuwa na hofu tu, na alitaka kitu kile kimwachie mke wake.

"Mageni, tumefika nyumbani. Shuka."

Taa ikazimika.

Ignas alilia kwa shukrani, masikini. Akambeba Paskazia mpaka mlangoni, wauguzi wakampokea.

Mtoto alizaliwa kimya. Muuguzi alimpiga mgongoni, akampangusa, akampulizia, mwisho akamfunika uso kwa khanga na kutikisa kichwa. Ignas aliitwa aje kuaga.

Khanga ikapanda. Ikashuka.

"Mungu mkubwa!" alisema muuguzi. Ignas alivuta hewa. Wodi nzima ilikuwa inanuka matope.

Asubuhi waliruhusiwa, wakarudi nyumbani. Paskazia alikuwa chumbani ananyonyesha, uso umejaa furaha ambayo Ignas hakuwahi kuiona, wakati Boaz alipofika na mwanamke mzee aliyevaa kaniki.

"Mwangaluka, ng'wanone," mama alimsalimu Ignas kwa lugha ya kwao, kama mwanawe. "Mimi Eufrasia, mama yake Mageni."

"Mwangaluka, mayu," Ignas alimwitikia mama.

Eufrasia alifungua mlango wa nyuma wa gari. Taa ikawaka. Akaufunga, ikazimika. Akapapasa kiti kwa kiganja.

"Ameshuka. Ulimshushia wapi?"

Akilini Ignas aliona shingo ya mwanawe ikilegea tena, khanga ikirudi usoni.

"Darajani, mayu. Nje ya mji."

"Asante, baba. Basi si mbali." Alijifunga kaniki vizuri. "Hakuna haja ya kwenda huko. Popote alipo, sauti yangu hajawahi kuikataa."

"Mama, ngoja—"

Lakini alikwisha kuweka mikono mdomoni.

"Mageni weee! Twende nyumbani!"

Chumbani Paskazia alicheka, kicheko cha uchovu.

"Ignas, njoo umwone mwanao! Ameacha ziwa... anageuza shingo, anatazama mlango."

Ignas alikimbia ndani, akauegemea mlango wa chumba kwa mgongo wake wote. Nje, mama wa watu alivuta pumzi aite mara ya pili.