Uso wa Mke wa Bwana Magodoro

Mteja wa kwanza alirudi saa saba mchana, kajifunika kitambaa mpaka puani. Alipokifunua, Fundi Laini aliiacha brashi ianguke. Chini ya jicho la kushoto la mwanamke yule palikuwa na doa la zambarau, na kwenye taya alama nne za vidole.

"Dada, umenipaka nini? Ndugu zangu wameshaanza kumpigia simu mume wangu!"

Fundi akafuta kwa pamba. Chini yake ngozi ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Majeraha yalikuwa kwenye vipodozi, si mwilini. Na ile pamba ilinuka dawa ya kuchua misuli, kali, ambayo haikuwahi kuwekwa saluni humo.

Siku ile walirudi watatu. Kesho yake watano. Wote alama zilezile, mahali palepale, na Fundi hakuhitaji kuambiwa ni za nani, maana yeye ndiye aliyezifunika kwa miaka miwili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa kifo kilikuja kumuumbua aliyesaidia kuficha.

Mwenye alama hizo, sasa marehemu, alikuwa mke wa Bwana Magodoro, yule mwenye duka kubwa la magodoro. Alikuja kila Ijumaa kwa mlango wa nyuma, akichechemea, ananuka dawa ya kuchua. "Nilijigonga mlangoni, dada," angesema. Wiki nyingine ni kabati. "Nifanye niwe asilia tu, kama mtu aliyelala vizuri." Hapo Fundi alikuwa bingwa. Rangi ya chungwa kwanza, kuua ule uzambarau, ikandamizwe kwa kidole, isisuguliwe. Halafu rangi ya ngozi, nyembamba. Krimu ya waridi juu ya mashavu. Na poda aiache kabisa, kwani huingia kwenye mikunjo ikamzeesha mtu. Yule mama alitoka pale kapungua miaka kumi. Watu wakasema ndoa imemkubali. Fundi akasikia, akatabasamu, akanyamaza. Kisha yule mama akaanguka kwenye ngazi, ndivyo ilivyosemwa, akazikwa, na Fundi akanyamaza tena.

Sasa Bwana Magodoro alikuwa anaoa, na anayeolewa ni mtoto wa kaka yake Fundi, binti aliyemlea tangu ana miaka sita. Wawili hao walikutana humo humo saluni. Fundi angesema nini? Kwamba alijua? Nani angekaa tena kwenye kiti chake? Kila jioni alijiambia atasema kesho.

Akaita mganga. Mganga hakuwahi hata kuwasha ubani. Njiti tatu zilizimika mkononi mwake, na hapakuwa na upepo.

"Hili si jini la kutumwa, mama," alinong'ona, akikusanya vitu vyake harakaharaka. "Limekuja lenyewe, na lina haki yake. Mimi siingilii kesi ya watu."

"Linataka nini?"

"Unajua linachotaka." Akatoka mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

Asubuhi ya harusi Bwana Magodoro alitangulia kufika. Bibi harusi alikuwa kaketi pembeni, rola kichwani, akingoja zamu yake.

"Mama mkwe," yule bwana alimwambia Fundi, ingawa alimzidi miaka minane, "nipunguzie umri kidogo. Ila nisionekane nimepakwa, watanicheka."

"Kaa, baba," akasema Fundi.

Akachovya kidole kwenye rangi, akaanza chini ya macho, na mara harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba, mlango wa nyuma ukajifungua taratibu bila mtu kuingia, hatua za mtu anayechechemea zikavuka sakafu zikaja kusimama mgongoni mwake, pumzi baridi ikamgusa shingo, kisha mkono asiouona ukaushika wake na kuanza kuuongoza, kukandamiza, kukandamiza, bila kusugua, na kila kidole kilipogusa uso wa yule bwana doa la zambarau likachomoza, jichoni, kwenye taya, hadi kooni, ambako zilitokea alama kumi nzima ambazo Fundi hakuwahi kuziona, kwa sababu hizo zilikuwa za siku ya ngazi.

Bwana Magodoro akafungua mdomo apige kelele. Ikatoka sauti ya mwanamke, ya chini, ya adabu.

"Nilijigonga mlangoni, dada."

"Shangazi, ni nini hiki?" Binti alishasimama.

"Nilijigonga kabatini, dada." Machozi yalimtiririka yule mwanamume, mikono imegandia kitini, mdomo haumtii. "Nilijigonga kwenye ngazi. Mwambie, dada. Mwambie mtoto."

Fundi alimwona binti kwenye kioo, na aibu ikaishinda hofu.

"Hakujigonga," akasema. "Alikuwa anampiga. Kila wiki. Nilijua, na nilimfunika kwa mikono yangu hii."

Ule mkono ukamwachia. Bwana Magodoro akaruka kutoka kitini, akausugua uso kwa taulo mpaka ukachubuka, lakini alama hazikutoka, akakimbilia nje nazo, zote kumi kooni, mbele ya ndugu wa marehemu mkewe waliosimama ng'ambo ya barabara kuitazama harusi yake. Hawakumuuliza kitu. Walimsogelea tu.

Ndani kukatulia, harufu ikapungua. Fundi akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Binti alikuwa akizitoa rola mojamoja, bila haraka, na kuzipanga mezani.

"Shangazi," akasema, "leo ungenipaka, ukanikabidhi kwake?"

Fundi alifungua mdomo aseme hapana, mwanangu, hata kidogo. Jibu lilikuwa ulimini. Iliyotoka ni ile sauti ya chini, ya adabu.

"Angekupaka, mwanangu. Na ungependeza sana."